Shajara ya bajeti ya nyumbani: feni haizimwi, mchele wa Kyela haubadilishwi

Januari, wiki ya mwisho

Kabla ya hesabu yoyote tumewekeana sharti. Kila mtu mzima humu ndani anataja kitu kimoja au viwili ambavyo havitaguswa hata tukibanwa vipi. Baba watoto alitaja kisimbuzi, maana bila Ligi Kuu jioni zake haziendi, na mchele wa Kyela. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alitaka feni yake ya usiku na chai ya maziwa yenye tangawizi asubuhi. Mimi nikataja samaki wa Ijumaa na saluni mara moja kwa mwezi. Dada anayetusaidia kazi alicheka, akasema yeye anataka Jumapili zake tu. Hilo halina bei, lakini nalo tumeliandika, ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu. Yaliyobaki yote yako mezani.

Nina sababu ya kuanzia hapo. Nyumba nyingi ninazozijua, ya wazazi wangu ikiwemo, zikianza kubana matumizi zinakata kwanza kile kinachopendwa, kwa kuwa ndicho kinachoonekana. Sukari inapimwa kwa kijiko, televisheni inazimwa, watu wananuna, na mwezi wa pili kila mmoja ana uchochoro wake wa kutumia hela bila mwenzake kujua.

Hali yetu ni hii. Tumepanga Tabata, vyumba vitatu, na mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ni yetu peke yetu. Mishahara miwili baada ya makato, ukijumlisha na barafu za ubuyu ninazouzia watoto wa mtaa, inaleta kama 1,600,000 kwa mwezi. Kodi ni 250,000 kwa mwezi, ila hailipwi kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, Januari na Julai. Kwa hiyo Januari hii imeondoka 1,500,000 kabla hatujanunua hata daftari. Watoto wako shule ya serikali, ambako ada ilifutwa tangu 2016, lakini sare haijafutwa, wala viatu, wala tuisheni. Mwezi dume kweli.

Februari yote ni ya kuandika tu. Kaunta buku limefungwa kamba na kutundikwa kwenye msumari jikoni, kalamu ikining'inia pembeni. Atakayetoa hela anaandika, hata kama ni ya kiberiti.

Februari, mwisho wa mwezi

Nilikuwa na hakika daftari litanisuta kwa samaki wangu. Halikunisuta. Hela yetu inaishia dukani kwa Mangi, mia tano mia tano: mafuta ya kupima, sukari robo, majani ya chai ya pakiti ndogo, kipande cha sabuni, mkaa wa kopo. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho mtu alikifurahia, na hakuna aliyekumbuka alikinunua lini.

Nimefanya hesabu ya mafuta peke yake. Ukikusanya vile vipimo vidogo hadi vijaze lita, lita inafika 8,000. Dumu la lita 5 tulilochukua Tandale limetoka 32,500, yaani 6,500 kwa lita. Hapo Mangi hajatuibia. Anafungua alfajiri, anafunga usiku sana, anakopesha watu ambao benki haiwajui, na mtu mwenye mia tano mkononi hana dumu la kununua. Ile tofauti ya 1,500 ndiyo bei ya kuuziwa kidogo, karibu na mlango, saa tatu ya usiku. Sisi tulikuwa tunailipa bila kuihitaji. Kuanzia sasa Mangi anabaki na mkate, maziwa, vocha na dharura.

Mchele tumeununua na majirani wawili. Gunia la kilo 100 kwa 270,000, wakati dukani kilo ni 3,200. Sehemu yetu ni kilo 40, kwa hiyo tumeokoa 20,000, toa mchango wetu wa bajaji. Mmoja wa majirani hao kwao ni Mbeya, na ndiye tuliyemtanguliza, maana si kila kinachoitwa Kyela kimetoka Kyela, na kuna wanaochanganya. Alisugua punje viganjani, akanusa, akatafuna mbichi, akamwambia muuzaji, "Kaka, huu mzuri, lakini si wenyewe. Tuletee wenyewe." Gunia la tatu ndilo lililofunguliwa na kuchukuliwa.

Kuna jambo ambalo hesabu haikulionyesha. Mchele ukiwa mwingi ndani, mkono unakuwa mwepesi. Wiki ya kwanza tulipika kama tuna wageni, na ukoko ukawa unakwenda kwa kuku wa jirani. Faida ya kununua jumla inaweza kuliwa yote ndani ya sufuria namna hiyo. Mama mkwe ndiye aliyeleta dawa. Mchele wa wiki unapimwa Jumapili jioni na kuwekwa kwenye ndoo ndogo jikoni, na mwingine unakaa chumbani kwake. Anayetaka kuongeza kabla ya Jumapili apige hodi, aamkie, aeleze kwa nini. Hajapiga mtu.

Sukari nayo tumeamua kuweka akiba ya miezi miwili. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilipovuruga uzalishaji viwandani, tuliuziwa kilo kwa bei ambayo sitaki kuiona tena.

Machi, Ramadhani

Nimewahi kuona ushauri unaomtaka mtu abane matumizi mwezi wa Ramadhani kwa kuwa "mchana watu hawali". Aliyeandika hivyo hajawahi kuandaa futari. Mihogo, magimbi, viazi vitamu, maharage ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, halafu daku. Na bei gengeni inajua ni mwezi gani.

Hatukujaribu kupunguza. Tuliupa mwezi huu mfuko wake tangu Februari, 180,000 juu ya chakula cha kawaida, na tukaamua kwamba mfuko huo ni wa kuisha. Sahani ya jirani inapoletwa hairudi tupu, na mama mkwe amesema wazi kwamba jambo hilo haliingii kwenye daftari langu. "Mwanangu, hesabu zako fanya, lakini sahani za watu niachie mimi."

Kilichopungua kimepungua bila mtu kununa. Juisi za boksi zimeondoka, na mahali pake pana ukwaju na ubuyu wa kutengeneza nyumbani. Ndizi za kupika tulizifuata Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, mkungu mzima, tukagawana na wale wale wa gunia. Nazi tumenunua kwa wingi kabla ya mwezi kuandama. Mfuko umeisha siku mbili kabla ya Idd, na nguo za watoto zilikuwa na hela yake pembeni.

Mei

Aprili haina la kuandika. Ilinyesha tu.

Kusi limeanza kuvuma, vyombo vidogo havitoki kila siku, na samaki wamepanda. Ijumaa haijaguswa, ila namna ya kuifikia imebadilika. Kwa yule muuza samaki wa baiskeli, changu wawili wa kututosha walifika 18,000. Jumamosi moja tulikwenda soko la samaki la Feri alfajiri, mnadani, mimi na wifi. Ukifika kule peke yako na hela ya samaki wawili huna sauti. Dalali anataja bei ya fungu zima, kichwa kikitikiswa upande wa pili biashara imekwisha. Tulichanga watu wanne, tukapata fungu la tasi na changu, tukawalipa vijana wa kuparua, tukagawana. Ijumaa tatu zimelala kwenye friza kwa kama 11,000 kila moja, na nauli imo humo.

Mambo haya ya kununua pamoja yana gharama ambayo haiandikiki. Lazima uwe na watu. Lazima uvumilie mmoja anayedhani kila mara fungu lake limepungua. Mimi ninaye wa namna hiyo, na bado hesabu inalipa.

Juni

Mwezi wa umeme, na ndio niliousubiri kwa hamu.

Kwanza bei yenyewe. Mteja wa kawaida wa nyumbani, daraja la T1, uniti moja ni 292, ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika 356 na senti. Ndiyo maana ukinunua umeme wa 10,000 unapata uniti 28. Wa daraja la D1, wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, wao uniti ni 100, na kodi zikiingia ni 122. Mwezi ukianza, ununuzi wa kwanza unakatwa na kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida ya chini, kwa hiyo tokeni ya kwanza huwa pungufu na kila mwezi kuna mtu anadhani kaibiwa.

Sisi tunatumia kama uniti 125, yaani 44,500. Kilichokuwa kinalaumiwa humu ndani ni feni ya mama mkwe. Nimeipima. Ni ya wati 60, inafanya kazi kwa muda wa saa tisa kila usiku: nusu uniti na kidogo. Kwa mwezi ni uniti 16, kama 5,800. Pasi yetu ni ya wati 1,200, na kila asubuhi ilikuwa inawashwa zaidi ya mara moja, kila mtu na shati lake. Ukijumlisha dakika zake, haipishani sana na feni ya usiku kucha. Ila feni inamlaza mtu mzima mwenye presha, na pasi ya kila asubuhi haimfurahishi yeyote. Sasa nguo zinapigwa pasi Jumapili, zote kwa mkupuo, pasi ikipata moto mara moja. Baba watoto ndiye mpiga pasi, mpira ukiwa kwenye televisheni. Hita ya kuchovya kwenye ndoo imebaki kwa maji ya mama mkwe peke yake, maana hiki kipupwe cha Dar anakihesabu kuwa baridi.

Pili, maharage. Tuna mtungi wa gesi wa kilo 15, lakini maharage na makande tulikuwa tunayapika kwa mkaa, "kuokoa gesi". Tangu serikali izindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, Mei 2024, redio haiishi kutukumbusha lengo la asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Moshi sitaki kuutetea. Lakini mwenye daftari anataka kujua sufuria moja ni shilingi ngapi. Mkaa wa kopo kuivisha maharage ya siku mbili: 1,500, wakati mwingine zaidi mkaa ukiwa na unyevu. Presha kuka ya umeme tuliyonunua kwa 150,000, kwa maharage yaliyolowekwa usiku: nilizima friji na kila kitu, nikasoma mita kabla na baada, haikufika nusu uniti. Weka 180. Kila sufuria tunabaki na 1,300 hivi. Kwa sufuria tatu kwa wiki, jiko linajilipa kwa muda wa miezi tisa. Umeme ukikatika mkaa upo, sijautupa.

Mama mkwe alionja, akanyamaza kidogo, akasema ladha ya mkaa haipo. Ni kweli haipo. Tumekubaliana wali wa nazi wa Ijumaa unapikwa kwa mkaa, na makaa yanapaliwa juu ya mfuniko kama anavyotaka.

Tatu, friji. Hapa ndipo kichwa kiliponiuma. Tukiitoa friji tunakaribia kushuka chini ya uniti 75, na mtu wa 75 akilipa 122 kwa uniti, mwezi mzima ni 9,150. Kutoka 44,500 hadi huko ni zaidi ya 35,000, si hela ya kudharau. Kuna watu mtaani wanaoishi hivyo na sioni ajabu. Lakini friji ndiyo inayobeba samaki wa Feri, mboga iliyopikwa mara moja kwa siku mbili, na barafu za ubuyu zinazoniingizia kama 30,000 baada ya sukari na mifuko. Ongeza maji baridi mwezi wa Desemba Dar es Salaam. Friji inabaki. Nimeiwekea kipimo cha karatasi: unafunga mlango ukiwa umeibana karatasi, ukiivuta ikatoka kama haikushikwa, mpira umechoka na baridi inatoroka. Upande wa juu inatoka bila hata kubishana.

Julai

Kodi imelipwa, 1,500,000, na mwezi haukuyumba. Januari tulipolipa tulikula dagaa hadi tarehe ishirini.

Siri ni mchezo. Tuko wanawake kumi, kila mwezi 100,000 kila mmoja, na anayepokea anaondoka na milioni. Miaka yote nilikuwa naomba zamu ya mwanzo, kama kila mtu, halafu hela inakuta mwezi mtupu na inageuka pazia na vyombo. Safari hii niliomba nipokee mwishoni mwa Juni. Wenzangu walishangaa. Milioni hiyo, na 500,000 iliyokuwa ikikatwa kidogo kidogo kwenda akaunti ambayo kadi yake anayo baba watoto na namba ya siri ninayo mimi, ndizo zilizokwenda kwa mwenye nyumba. Kwa kodi ya Januari sitakuwa na zamu nyingine, kwa hiyo ile akaunti sasa inapokea 250,000 kila mwezi, siku ile ile mshahara unapoingia, kana kwamba mwenye nyumba anadai kila mwezi.

Nimemwuliza pia kama anaweza kupokea miezi mitatu mitatu. Amesema atafikiria. Nimeandika "hapana" kwa penseli.

Agosti

Michango. Hili nililiogopa, na nililiweka mwisho makusudi.

Nimepitia miamala ya simu tangu Januari. Harusi, send-off, kitchen party, arobaini, ubarikio wa mtoto wa bosi wa shemeji. Jumla 740,000. Ni zaidi ya samaki wote wa Ijumaa, saluni na kisimbuzi kwa muda huo huo. Kadi ya single 50,000, ya double 100,000, na makundi ya WhatsApp ambayo ukiamka umeshaongezwa, jina lako liko kwenye orodha ya ahadi, nambari kumi na saba, pembeni pameachwa wazi.

Tulizozana, kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze. Baba watoto alisema, "Watatuonaje?" na "Sisi yetu watu hawakuja?" Yote mawili ni kweli. Harusi yetu watu walichanga, na mchango ni deni la kuzunguka. Anayejitoa leo asitafute watu kesho. Nami sikutaka tujitoe. Nilitaka tujue tunachanga kiasi gani kabla simu haijalia.

Tulichofikia: mfuko wa michango ni 60,000 kwa mwezi, na usipotumika unalala kwa mwezi ujao. Ndugu wa damu wa pande zote mbili wanatangulia, kisha majirani tunaopakana ukuta, kisha kazini. Msiba hauna kikomo wala foleni. Tunakwenda, na hela ikikosekana mikono ipo. Kwa harusi za wengine tunatoa kilichopo mapema, tunasema wazi ni hicho, na hatuahidi kilichokosekana. Ahadi ndiyo inayoua, maana mtu anaahidi 100,000 mbele ya watu kisha anaikopa.

Binamu mmoja alinuna kwa ile 30,000 yetu. Wiki ya harusi alinipigia nikasimamie jikoni, nikaenda, tukapika pilau la watu mia mbili, na kununa kukaisha humo humo kwenye masufuria.

Baba watoto ameacha pia bando la kila siku, sasa ananunua la mwezi. Tunatoa hela kwa wakala mara moja kwa wiki badala ya kila tunapotaka mkate, kwa sababu ada zinakwenda kwa ngazi na kutoa kidogo kidogo kunalipiwa kila mara. Sio hela kubwa, lakini ilikuwa inatoka bila jina, na daftari halipendi vitu visivyo na jina.

Oktoba

Vitu vyote vya wino mwekundu vipo. Saluni imeongezeka bei na nimelipa. Mama mkwe ameomba kuongeza kimoja kwenye ukurasa wa kwanza: halua ya Ijumaa jioni, na kahawa yake chungu. Tumepiga kura, imepita bila kupingwa, dada akiwemo.

Akaunti ya kodi ina 750,000, yaani Agosti, Septemba na Oktoba zimeingia bila kurukwa. Gunia la pili tulilipata Julai, mpunga mpya ukiwa umeshaingia sokoni, kwa 255,000. Mfuko wa michango una 70,000 na tayari kadi mbili zimefika, moja ya mpwa wa baba watoto na moja ya jirani wa ukuta wa kulia. Kwa utaratibu wetu mpwa anatangulia. Jirani ndiye yule wa Mbeya anayetuchagulia mchele. Tutaketi Jumapili baada ya pasi.

Mwezi ujao: mpira wa mlango wa friji, fundi amesema 35,000 pamoja na kuufunga. Nimemwambia 28,000. Bado tunavutana.